Kabla ya Kisu: Picha ya MRI na Swali la Kurejea kwa Saratani ya Tezi Dume



Mwanamume aliyeondolewa tezi dume kwa sababu ya saratani hurudi kliniki na maswali mengi mdomoni: lini atatolewa mpira wa mkojo, lini ataacha kuvuja, lini atarudi kazini. Moyoni ana moja tu, na mara nyingi mkewe ndiye anayelitamka: "Daktari, itarudi?" Leo nataka tulikalie swali hilo. Nataka pia nieleze kwa nini mimi, ambaye kazi yangu ni kusoma picha, naamini kwamba sehemu ya jibu huwa imeshaonekana kwenye MRI kabla mgonjwa hajalazwa kitandani, na kwa nini sehemu hiyo hupotea bure tunapoipiga picha hiyo kwa kuchelewa au kuisoma kwa haraka.

Tuanze na kurejea kwenyewe. Seli za tezi dume, nzima na zenye saratani, hutengeneza protini iitwayo PSA, na kiasi chake hupimwa kwenye damu. Tezi ikiondolewa yote, chanzo cha PSA kimeondoka. Iliyobaki mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya siku tatu hivi, kwa hiyo wiki sita hadi nane baada ya upasuaji kipimo hakipaswi kuona kitu. Ikionekana baadaye, ikafika nanogramu 0.2 kwa mililita, na kipimo cha pili kikathibitisha, tunasema saratani imerejea kimaabara. Mgonjwa mwenyewe hasikii lolote. Anakula, analala, anakwenda shamba. Mahali fulani, pale ilipokuwa tezi au kwenye matezi ya limfu ya nyonga au ndani ya mfupa, kuna seli zinazozaana.

Hilo huwapata wangapi? Mwaka 1999 madaktari wa Johns Hopkins, Baltimore, walichapisha habari za wanaume 1,997 waliopasuliwa hospitalini hapo. PSA ilipanda kwa asilimia 15 kati yao katika kipindi walichofuatiliwa. Hao walikuwa wamepasuliwa na mmoja wa mabingwa wakubwa wa upasuaji huo duniani. Taarifa za sehemu nyingine huwa juu zaidi, kati ya mtu mmoja na wawili katika kila watano kwa miaka kumi. Lakini kilichonivutia daima katika kazi ile ya Baltimore ni muda. Kwa waliorejewa na kuachwa bila tiba mpaka saratani ionekane imesambaa, muda wa kati kutoka PSA kupanda hadi kusambaa ulikuwa miaka 8, na kutoka hapo hadi kifo miaka 5. Theluthi moja hivi tu ndio walioonekana kusambaa katika muda wa ufuatiliaji. Chukua mfano wa Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini: aligunduliwa saratani hii mwaka 1997, ikatibiwa, ikarudi zaidi ya mara moja. Alifariki Desemba 2021 akiwa na miaka 90. Kwa hiyo anayeniuliza kama itarudi anastahili kwanza kujua kwamba kurudi si hukumu ya kifo. Kuna kurejea kunakokwenda polepole kiasi kwamba uzee hufika kwanza, na kuna kurejea kunakokimbia. Kazi ya utabiri ni kutenganisha hivi viwili mapema.

Madaktari walikuwa wakitabiri hata kabla ya MRI, tena si vibaya. Miaka ya 1960 mpatholojia Donald Gleason wa Minneapolis aliangalia kwa darubini jinsi seli za saratani zinavyojipanga, akazipa alama. Zilizosahau kabisa umbo la tezi zilipata alama kubwa, na wenye alama kubwa walikufa mapema. Alama hizo bado tunazitumia, zikiwa zimerekebishwa. Mwaka 1993 yakaja majedwali ya Alan Partin na Patrick Walsh, mwaka 1998 makundi ya hatari ya Anthony D'Amico, na mwaka 2005 kutoka San Francisco alama za CAPRA, zinazomweka mgonjwa kati ya 0 na 10. Vyote hivi vinakula chakula kilekile: PSA, alama ya Gleason, kile kidole cha daktari kilichohisi kupitia puru, na kwa baadhi yake, ni vinyama vingapi vya biopsi vilivyokuwa na saratani.

Kasoro ya vipimo hivi ni moja, nayo ni kubwa. Havijui mahali.

Chukua wanaume wawili, kila mmoja na miaka 62, PSA ya 9, Gleason ya 7. Wa kwanza uvimbe wake umekaa katikati ya nyama ya tezi, mbali na ukingo. Wa pili uvimbe umelala kwenye ganda la tezi, nyuma upande wa kulia, pale inapopita neva ya kusimamisha uume, na umeligusa ganda kwa urefu wa sentimita mbili. Jedwali huwapa wote wawili namba ileile. Mpasuaji akimkata wa pili kwa kuifuata neva kwa karibu, kama alivyomkata wa kwanza, anaweza kuacha saratani ukingoni. Asiposoma picha hatajua mpaka mpatholojia amwandikie, na wakati huo tezi iko kwenye chupa ya formalini.

Hapo ndipo MRI inapoingia. Historia yake nitaipita upesi: Paul Lauterbur alichapisha picha ya kwanza ya namna hii mwaka 1973, Peter Mansfield akatafuta hesabu ya kuziharakisha, na wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Mashine ni sumaku kubwa, kwa kawaida ya tesla 1.5 au 3, inayopanga protoni za haidrojeni zilizomo katika maji na mafuta ya mwili. Mawimbi ya redio huzisukuma, nazo zikirudi mahali pake hutoa ishara, na ishara ndiyo inayochorwa. Hakuna eksirei ndani yake. Kuna kelele nyingi, kuna kulala bila kujitikisa, na kwa mtu anayeogopa mahali pembamba kuna hofu, jambo ambalo mafundi wetu wa radiolojia wanapaswa kulichukulia kwa uzito zaidi ya wanavyofanya sasa.

Niwaonyeshe kinachoonekana. Katika mfululizo wa picha uitwao T2, eneo la pembeni la tezi, ambamo huanza saratani nyingi, hung'aa kwa sababu limejaa vijitezi vyenye majimaji. Saratani huwa doa la kijivu cheusi kwenye ule weupe. Kuizunguka tezi kuna mstari mweusi mwembamba: hilo ndilo tunaloliita ganda, ingawa mabingwa wa anatomia watawaambia si ganda kamili. Jicho la msomaji hufuata mstari ule polepole, picha moja baada ya nyingine, kila kipande unene wa milimita tatu. Je, mstari umevimba mahali? Umekwaruzika? Umekatika? Pembe ndogo ya mafuta kati ya tezi na puru bado iko wazi, au imejaa? Halafu jicho hupanda juu nyuma ya kibofu kwenye vifuko vya shahawa. Vikiwa vizima ni vijimirija vyeupe vilivyojikunja. Saratani ikiwa imepanda ndani yake, weupe huzimika upande mmoja, kuanzia chini pale vinapoungana na tezi.

Mfululizo wa pili hupima namna maji yanavyotembea kati ya seli. Katika tezi nzima molekuli za maji hupita kwa nafasi. Saratani kali imebanana seli juu ya seli, na maji humo husongamana kama watu wa Kariakoo siku ya kuamkia Idi: kila mmoja anataka kwenda, hakuna anayefika mbali. Mashine hugeuza mwendo huo wa maji kuwa namba, na kwa ujumla namba ikishuka, alama ya Gleason hupanda. Kwa maneno mengine, picha inaanza kunusa ukali wa seli, si ukubwa wa uvimbe pekee. Mfululizo wa tatu hutumia dawa ya gadolinium inayodungwa mshipani, kuona damu inavyoingia haraka kwenye doa. Nitairudia dawa hiyo kwa sababu ya bei yake.

Tangu mwaka 2012 wasomaji wa picha hizi tuna alama za pamoja ziitwazo PI-RADS, kutoka 1 hadi 5. Zilitungwa kwa ajili ya kugundua saratani, na kwa kazi hiyo MRI ilishajithibitisha. Katika utafiti wa PROMIS wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017 na uliohusisha wanaume 576, MRI ilizinasa asilimia 93 ya saratani zenye uzito, na biopsi ya zamani ya sindano zinazopigwa kwa kukadiria ilizinasa asilimia 48. Swali letu leo ni la hatua inayofuata. Je, doa lilelile lililotugundulia saratani linaweza kutuambia kama itarudi?

Linaweza, kwa sababu zinazoeleweka. Saratani hurudi baada ya upasuaji kwa njia mbili kuu: ama iliachwa palepale kwa kuwa ilikuwa imeshavuka mpaka wa tezi, ama mbegu zake zilikuwa zimeshasafiri kabla ya siku ya upasuaji. Mambo ambayo picha huyaona yanahusiana na yote mawili. Uvimbe mkubwa, wenye maji yaliyobanana, ulioligusa ganda kwa urefu mrefu, au uliopanda kwenye vifuko vya shahawa, ndio ulio na nafasi kubwa ya kuwa umeshatoka. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, Bethesda, waliligeuza jambo hili kuwa kipimo rahisi mwaka 2019. Uvimbe ukiligusa ganda kwa sentimita 1.5 au zaidi, au ganda likivimba au kukwaruzika, ni daraja la kwanza. Yakiwapo yote mawili ni la pili. Ukivunja ganda waziwazi ni la tatu. Walipolinganisha na tezi zilizotolewa, saratani ilikuwa imetoka nje kwa asilimia 24 hivi ya daraja la kwanza, 38 ya la pili na 66 ya la tatu. Napenda kipimo hiki kwa sababu daktari wa hospitali ya mkoa anaweza kukitumia akiwa na rula ya kompyuta na subira, bila programu ya kununua.

Sasa sikilizeni upande wa pili, maana hapa ndipo wagonjwa hudanganyika na hata madaktari nao. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya tafiti 75, ulionyesha hivi. Katika wanaume 100 ambao saratani yao imetoka nje ya ganda, MRI huwaona 57. Wale 43 huwapita kimya. Katika wanaume 100 ambao saratani yao haijatoka, MRI husema kweli kwa 91. Kwa vifuko vya shahawa hesabu ni 58 na 96. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni hii: MRI ikisema "imetoka", iamini kwa kiasi kikubwa. Ikinyamaza, usifanye sherehe. Kijiuzi cha seli kinachovuka ganda kwa sehemu ya milimita hakiwezi kuonekana katika kipande cha picha chenye unene wa milimita tatu, hata sumaku iwe na nguvu namna gani.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaoandika kwenye ripoti "hakuna dalili ya kusambaa" na kuishia hapo. Mgonjwa husoma "haijasambaa." Afadhali iandikwe: uvimbe umeligusa ganda kwa milimita kadhaa, upande fulani, daraja fulani. Hayo ndiyo maneno ambayo mpasuaji anaweza kuyafanyia kazi.

Kuna hoja nzito ya wapinzani, nami siikwepi. Wanasema: baada ya upasuaji mpatholojia ana tezi nzima mkononi, ataikata vipande, ataona ukingo, ataona vifuko, atatoa Gleason ya kweli. Utabiri wa picha una faida gani tena? Ni kweli, baada ya upasuaji ripoti ya patholojia hukaa kiti cha mbele, na tafiti nyingi zinazoonyesha MRI "inatabiri" huonekana dhaifu zaidi zikiwekwa pembeni ya ripoti hiyo. Lakini wapinzani wanasahau saa. Patholojia huja tukiwa tumeshakata. Picha huja wakati bado kuna la kuchagua: kuiacha neva upande huu na kuitoa pamoja na nyama upande ule; kutoa matezi mengi zaidi ya nyonga; au kumwambia mgonjwa, kwa uwazi wa kiutu uzima, kwamba katika hali yake upasuaji peke yake huenda usitoshe, na kwamba mionzi pamoja na dawa za homoni ni njia halali ya kuanzia. Mtu aliyeambiwa hayo mapema hapokei habari ya PSA kupanda kama usaliti.

Hapa nitaje kosa la mpangilio linaloigharimu picha hii thamani yake. Biopsi huacha damu ndani ya tezi, na damu hiyo hufanana na saratani kwenye T2 na kuvuruga vipimo vingine. MRI inapaswa kutangulia biopsi. Ikishindikana, zisubiriwe angalau wiki sita. Bado tunapokea wagonjwa waliotobolewa Jumatatu na kuletwa kwenye MRI Alhamisi, ili faili likamilike. Picha ya namna hiyo imelipiwa, lakini haitabiri kitu.

Vijana hapa watauliza kuhusu akili unde, na wana haki. Mwaka 2021 kundi lililoongozwa kutoka Cleveland, Marekani, lilichapisha kazi iliyotumia picha za MRI za wanaume 198 kutoka taasisi nne. Kompyuta ilipima ndani ya doa sifa ambazo jicho haliwezi kuzihesabu, yaani mkwaruzo wa vivuli, jinsi nukta jirani zinavyotofautiana, ikaziunganisha na habari za kliniki na kutabiri nani PSA yake itapanda baada ya upasuaji. Ilifanya vizuri kuliko CAPRA. Mwaka 2024, madaktari wa Boston walionyesha kwa wagonjwa 732 kwamba kompyuta ikichora yenyewe mipaka ya uvimbe kwenye MRI na kupima ujazo wake, ujazo huo hutabiri kurejea na kusambaa, kwa waliopasuliwa na kwa waliopigwa mionzi. Hii ya pili naiona ina maisha marefu zaidi. Ujazo ni kitu ambacho daktari anaweza kukiangalia na kubisha. Mkwaruzo wa vivuli hubadilika ukibadilisha mashine, ukibadilisha mpangilio wa picha, wakati mwingine hata ukibadilisha fundi. Kabla algoriti yoyote haijaletwa kwetu, wauzaji waulizwe swali moja: picha zilizoifundisha zilitoka kwa wanaume gani? Marekani wanaume weusi hufa kwa saratani hii mara mbili ya wanaume weupe. Kuna mengi ndani ya tofauti hiyo, ya kurithi na ya kunyimwa huduma, lakini utabiri uliofundishwa bila wanaume wanaofanana na sisi hauna haki ya kutupangia tiba mpaka ujaribiwe hapa.

Tuseme sasa utabiri umesema hatari ni kubwa, na upasuaji umefanyika. Tufanye nini? Zamani wengi walipelekwa kwenye mionzi moja kwa moja, kidonda kikishapona, kwa tahadhari. Utafiti wa RADICALS, ulioshirikisha wanaume 1,396 wa Uingereza, Denmark, Canada na Ireland na kuchapishwa mwaka 2020, uliwagawa kwa bahati nasibu: kundi moja mionzi mara moja, jingine kufuatiliwa na kupewa mionzi PSA ikianza tu kupanda. Baada ya miaka mitano hapakuwa na faida ya kuwahi; asilimia 85 na 88 walikuwa bado salama kwa PSA, na waliowahishwa mionzi walivuja mkojo zaidi. Wenye hatari ya juu kabisa walikuwa wachache katika utafiti ule, na kwao mjadala haujafungwa. Kwa wengi waliobaki, somo ni kwamba utabiri mbaya humwongezea mtu ufuatiliaji, haumwongezei mionzi siku hiyohiyo. Lakini ufuatiliaji huo uwe wa kweli: mionzi ya kuokoa, yaani ile inayotolewa PSA ikishaanza kupanda, hufanya kazi vizuri PSA ikiwa bado chini ya 0.5. Anayerudi kliniki PSA ikiwa 6 amekwisha kulipoteza dirisha hilo.

Baada ya PSA kupanda, MRI hurudi na kazi nyingine: kutafuta doa jipya pale tezi ilipokuwa, hasa kwenye maungio ya kibofu na mrija wa mkojo. Tangu mwaka 2021 kuna alama za pamoja kwa usomaji huo pia, PI-RR. Kwa kutafuta mbali zaidi, kwenye matezi na mifupa, kipimo cha picha kiitwacho PET, kinachofuata protini ya PSMA iliyo kwenye seli za tezi dume, kimeipita MRI, hata PSA ikiwa ndogo. Pale kinapopatikana na mgonjwa anakimudu, nitamshauri akifanye. Wengi hawakimudu.

Na hapo nifike nyumbani. Tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba wagonjwa wapya wa saratani ya tezi dume duniani wataongezeka kutoka milioni 1.4 kwa mwaka 2020 hadi milioni 2.9 kwa mwaka 2040, na ongezeko kubwa litakuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Katika Afrika Mashariki wanaume wengi wetu hufika hospitali saratani ikiwa imeshaingia mifupani, wakati upasuaji wa kuondoa tezi hauna tena nafasi. Kuzungumzia utabiri wa baada ya upasuaji ni kuzungumzia wachache. Najua. Lakini wachache hao wanaongezeka, kwa sababu watu wanaanza kupima PSA mapema, na wanastahili huduma kamili, si nusu.

Mashine za MRI ni chache Afrika nzima. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2018 ilikuta mashine 84 Afrika Magharibi kwa watu wapatao milioni 370. Kwetu zipo katika miji mikubwa, na mgonjwa wa Kigoma au wa Lodwar analipia nauli na malazi kabla hajalipia picha. Kuna habari njema moja inayotuhusu moja kwa moja. Utafiti wa PRIME, uliofanyika katika nchi 12 na kuchapishwa mwaka 2025, ulionyesha kwamba MRI bila gadolinium haikuwa duni kuliko ile yenye gadolinium katika kugundua saratani zenye uzito, ili mradi ubora wa picha uwe mzuri. Bila dawa picha huchukua nusu ya muda, hakuna sindano, na gharama hushuka. Mashine moja inaweza kuhudumia watu wengi zaidi kwa siku. Sioni sababu ya hospitali zetu kuendelea kumtoza kila mgonjwa dawa hiyo kwa mazoea.

Kinachonisumbua kuliko uhaba wa mashine ni kukatika kwa ufuatiliaji. Picha hata ikitabiri sawasawa, utabiri wake unakamilishwa na kipimo cha damu ambacho bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya MRI. Mzee anapasuliwa mjini, anarudi kijijini, miezi mitatu ya kwanza anakuja, mwaka wa pili haji. Hana maumivu, nauli ni kubwa, na kuna msimu wa kuvuna. Maabara ya wilaya haina vitendanishi vya PSA, au inapima kwa mashine nyingine yenye namba zisizolingana na zile za mwanzo, na daktari haelewi kama imepanda au imebadilika maabara. Wenye mamlaka ya bajeti mliomo humu ukumbini, vitendanishi vya PSA katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa vitaokoa wanaume wengi kuliko sumaku mpya itakayofunguliwa kwa utepe.

Na ninyi wazee wangu, na wake zenu, na watoto wenu mnaoshika mafaili. Mkiandikiwa biopsi, ulizeni kama MRI inaweza kutangulia. Mkishapigwa picha, ombeni CD pamoja na ripoti, muiweke pamoja na vyeti vya nyumba, kwa kuwa mfumo wa hospitali ukibadilishwa picha za zamani hupotea, na miaka mitano baadaye tutazihitaji tulinganishe. Muulizeni daktari maswali haya kwa maneno haya: uvimbe umeligusa ganda? kwa urefu gani? vifuko vya shahawa vikoje? Baada ya upasuaji pimeni PSA katika maabara ileile, kila miezi mitatu mwaka wa kwanza, kisha kwa ratiba mtakayopewa, na mziandike namba zote kwenye daftari moja hata zikiwa sifuri. Ikifika 0.2, msisubiri maumivu: njooni wiki hiyohiyo, na daftari mkononi.